Mayai Sita ya Mstari wa Tatu

Nina miaka arobaini na minane na nimestaafu. Watu wa Gisenyi wakisikia hivyo wananitazama miguu, wakitafuta kama ninachechemea. Sichechemei. Laini zangu za simu ndizo zilizostaafu, na nilipopewa nafasi ya kuhamia kwenye kiti cha kupokea malalamiko nikasema asante, mimi nitatembea. Sasa natembea. Asubuhi nashuka kwa miguu kutoka Rugerero mpaka ziwani nikihesabu nguzo za simu zilizobaki, napita Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpaka wa Goma, kuangalia foleni ambayo simo, halafu napanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kurudi nyumbani. Mke wangu anasema nimekuwa kama mbwa aliyefunguliwa kamba. Simbishii.

Vijana wa fiber mliobaki ofisini, ninyi ndio mlioniambia niandike. Siku tulipozima kadi ya mwisho ya mashine zetu za zamani, mmoja wenu aliniuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, hii kitu ilikuwa inabeba mega ngapi?" Nikamwambia mbili. Akasubiri niendelee. Nikamwambia mbili, basi, zimekwisha. Alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka naye, kwa sababu simu aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa inakula zaidi ya hizo ili kumwonyesha mtu akianguka kwenye bwawa la kuogelea. Lakini nilipofika nyumbani niliona hakuna aliyewahi kuwaeleza hizo mbili zilikuwa kitu gani. Nawaeleza sasa. Vyeo na mishahara nitaviruka, havina ladha.

Nilifika ofisi ya simu nikiwa na cheti cha sekondari cha umeme, shati la kaka yangu na Kiswahili cha Goma. Nyumbani tulizungumza Kinyarwanda, lakini nilizaliwa na kusoma ng'ambo ya mpaka, na tuliporudi huku ulimi wangu wa kazi ulibaki wa kule. Walinipeleka chumba cha transmisheni, mahali palipokuwa na baridi kuliko sehemu yoyote ya mji, kwa sababu mashine zilipulizwa na feni mchana kutwa. Ndani kulikuwa na mtu mmoja tu: mwanamke mfupi aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Huyo alikuwa Mama Vesti, mkuu wa chumba. Alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata ukaogopa kukikanyaga.

"Mi njo mutekinisie mupya," nikamwambia.

"Wewe ndiye fundi mpya," akasema, akinikaribisha na kunisahihisha kwa pumzi moja. "Umekula?"

"Bado, Mama."

"Vizuri. Shika trei hii."

Nikafurahi. Aliniwekea mikononi trei ya mayai, ile ya karatasi ngumu ya kijivu, na haikuwa na yai hata moja. Kila shimo lilikuwa na kikaratasi kilichogundishwa, na kila kikaratasi kilikuwa na jina: duka la dawa, hoteli, forodha, hoteli nyingine, daktari wa meno. Njaa yangu ya siku ile naikumbuka kuliko hotuba yoyote niliyosikia baadaye kazini.

"Hesabu mashimo."

"Makumi tatu. Mistari tano, kila mustari sita."

"Kila shimo ni mtu mmoja anayeongea. Mtu mmoja anayeongea ni kilobiti sitini na nne kwa sekunde. Kwa nini sitini na nne?"

"Sijue, Mama."

"Kwa sababu mashine inaionja sauti yako mara elfu nane kwa sekunde moja, na kila ikionja inaandika alama nane, sifuri au moja. Kila alama ni biti. Nane mara elfu nane?"

"Elfu makumi sita na ine."

"Hizo ni kilobiti sitini na nne. Hilo ndilo yai. Sasa zidisha mayai yote thelathini."

Nilifanya hesabu kwa kidole kwenye ukuta. Ilikuja elfu moja mia tisa na ishirini. Mama Vesti akagonga kadi ya mashine kwa ukucha. Ilikuwa imeandikwa 2048.

"Zilizopungua ziko wapi?"

"Zimeibiwa?"

"Kazi yako ya kwanza hapa ni kutomshuku mtu," akasema.

Akanieleza kwamba laini ile, ambayo wengine huiita E1 na sisi kwa mazoea ya Kifaransa tuliiita MIC, haina vyumba thelathini. Ina thelathini na viwili, kuanzia chumba sifuri mpaka chumba cha thelathini na moja, na kila kimoja kina kilobiti sitini na nne. Zidisha mwenyewe: ni 2048 kamili, zile mega mbili mlizozicheka. Chumba sifuri hakai mteja, anakaa mpiga ngoma, anayezifanya mashine mbili, ya kwetu na ya Kigali, zitembee kwa hatua moja. Chumba cha kumi na sita anakaa karani, anayesema nani anapiga, nani amepokea, nani amekata. "Hawa wawili hawana shimo kwenye trei kwa sababu hawauzwi," alisema Mama Vesti. "Kwa hiyo mpaka shimo la kumi na tano, namba ya shimo na namba ya chumba ni moja. Shimo la kumi na sita ni chumba cha kumi na saba. Na kuendelea, mpaka shimo la thelathini, ambalo ni chumba cha thelathini na moja. Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena kesho yake. Nilirudia wiki nzima, kabla ya chai.

Ninyi mnacheka, lakini trei ile ilikuwa daftari letu, ramani yetu na mwalimu wetu. Kompyuta ya chumba kile ilikuwa na kioo cha mistari minne tu, na ukitaka kujua ni nani anaishi wapi kwenye MIC nzima ungebonyeza mpaka mkono uote sugu. Trei unaitazama mara moja. Mteja akiondoka, unabandua kikaratasi. Mteja akija, unabandika. Zana zangu nyingine zilikuwa bisibisi mbili, kifaa cha kubana nyaya, na kombine, yaani mkono wa simu wenye koleo mbili za kung'ata waya, ambao niliubeba kiunoni mji mzima na kujiona sherifu wa sinema.

Niliupenda mji kwa sababu ya kazi ile. Mtu wa mezani anajua barabara. Mimi nilijua mitaro, dari za hoteli, nyuma ya makabati ya maofisa, na mbwa wote kwa majina. Na kila nilipokwenda nilikuwa nagawanya kwa nane. Hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya maisha yangu. Meneja wa hoteli moja ya ziwani alinishika shati mlangoni, akilalamikia intaneti ya kompyuta yake.

"Munaniuzia mia moja makumi mbili na munane, na ordinateri inaonyesha kumi na tano! Ile ingine iko wapi?"

"Bon, patron, sisi tunahesabu biti. Ordinateri yako inahesabu okteti. Okteti moja iko biti munane. Mia moja makumi mbili na munane, ugawe kwa munane?"

"Kumi na sita."

"Moja inaliwa na bahasha. Kila barua inapita na bahasha yake."

Alikunja uso, akaandika hesabu kwenye kitambaa cha karatasi cha hoteli yake, akaona ni kweli. Halafu uso ukafunguka. "Basi muniuzie mia moja makumi mbili na munane ya okteti!" Nikamwambia hizo ni kilobiti elfu moja na ishirini na nne, yaani mayai kumi na sita, zaidi ya nusu ya trei, nitawapeleka wapi daktari wa meno na forodha? Akasema daktari wa meno anaweza kutoka, yeye meno yake ni mazima.

Wakati mwingine tuliletewa mashine iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya Amerika. Ilihesabu 1544, na hakuna mtu ofisini aliyejua namba hiyo imetoka wapi isipokuwa Mama Vesti. Kule vyumba ni ishirini na vinne, alisema, vinafanya 1536, na zile nane zilizobaki ni za mpiga ngoma. "Wa kwao ni mwembamba, anakula nane tu. Wa kwetu anakula sitini na nne." Mashine ilirudi kwenye boksi lake. Sisi na mpiga ngoma wetu mnene tukaendelea.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu Dansila alipoingia ofisini. Alikuwa anauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na aliongoza kwaya ya watu wa ziwani, wauzaji na wapiga makasia. Nyuma yake aliingia Bosco, mpiga makasia na mwimbaji wa bass, ile sauti nzito ya chini, mwenye mabega yaliyojaza mlango, na alikuwa na uso wa mtu aliyetoka msibani.

"Muko hapa wenye simu?" aliuliza Dansila. "Simu yenu inakula bass."

Nilimkalisha chini, naye akaeleza. Mama yake, bibi kizee waliyemwita Mukecuru Felesita, ndiye aliyeanzisha kwaya hiyo, na ndiye aliyetunga wimbo wao mkubwa, ule wanaofungia nao kila ibada. Sasa alikuwa anaishi Kigali kwa mwanawe wa kiume, na magoti yake hayakuiweza tena ile barabara ya milima. Kwa hiyo kwaya ilikwenda kumwimbia kwenye simu. Watu kumi na wawili walibanana kwenye kibanda cha simu ya umma, wakaimba mbele ya mkono mmoja.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema wanaume wako wapi. Tukamwambia wako hapa, Mama. Akasema, 'Hapana, mumeua bass yangu, munaimba kama watoto wa catéchisme.' Akasema tusiimbe tena ule wimbo mupaka yeye asikie na masikio yake bass imerudi. Mwezi ine sasa hatuuimbe. Iko wake. Akikatala, imekataliwa."

"Na mi nilikuwa pale," alisema Bosco. Sauti yake ilitetemesha kikombe changu cha kalamu. "Mi niliimba mupaka jasho."

Nilijua kilichotokea, na nilimweleza taratibu. Yai moja la simu linabeba katikati ya sauti ya mtu, sehemu inayotosha kueleweka. Kile kilicho juu sana kinakatwa, na kile kilicho chini sana kinakatwa pia, kwa makusudi, ili mtu aenee kwenye yai lake moja.

"Yaani mi niko chini ya simu?" aliuliza Bosco.

"Uko chini ya simu, ndugu yangu."

Alikaa kitako kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa.

Lakini Dansila hakuja kulia. Redio moja ya Kigali ilikuwa imewapa dakika kumi na tano za moja kwa moja, Jumapili saa nne asubuhi, katika kipindi cha kwaya za mikoani. Mukecuru hakikosi kipindi hicho hata akiwa na homa. Redio ingeleta mashine yake kwenye ukumbi wa parokia, na sisi tulitakiwa kutoa laini kutoka hapo mpaka Kigali. "Ikipita kama simu tena," alisema Dansila, "atasema nilimudanganya mara mbili. Ule wimbo hatutauimba tena. Unakufa na yeye."

Alinipa karatasi ya mashine ya redio. Ilikuwa ya Kifaransa na ilisema inahitaji kilo-okteti arobaini na nane kwa sekunde. Nikatabasamu kwa ukarimu. Arobaini na nane ni pungufu ya sitini na nne, nikawaambia, yai moja linatosha na linabaki!

"Okteti," ilisema sauti ya Mama Vesti kutoka nyuma ya mashine.

Nikafunga mdomo. Arobaini na nane mara nane ni mia tatu themanini na nne. Mia tatu themanini na nne gawanya kwa sitini na nne.

"Mayai sita," nikasema kwa sauti ndogo.

"Sita," alisema Mama Vesti. "Na yafuatane, mashine ya muziki haipendi kurukaruka. Mwambie huyo kaka anyanyuke, atapata nafasi yake."

Nilikwenda kwenye trei, na nikataka kucheza. Mstari wa tatu ulikuwa mtupu wote! Ofisi iliyokuwa inaukodi ilikuwa imefunga mwezi uliopita. Mashimo sita, bega kwa bega, la kumi na tatu mpaka la kumi na nane, kana kwamba mtu aliyatengenezea kwaya. Nilibandika kikaratasi kimoja kirefu kukatiza mstari mzima: KWAYA. Nikawaandikia Kigali barua: mstari wa tatu wa trei, mashimo 13 mpaka 18. Fundi wa Kigali alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Mama Vesti, alijua lugha ya trei.

Kigali walitufungulia vyumba Jumapili yenyewe asubuhi, si kabla. Mama Vesti alikuwa mapumzikoni, na aliniachia kazi. "Unaijua," alisema Ijumaa. Nilikuwa naijua kweli. Niliirudia wiki nzima kabla ya chai miaka mitatu iliyopita. Basi saa tatu asubuhi niliketi mbele ya kile kioo cha mistari minne, nikaitazama trei, nikaona mstari wangu mzuri, na vidole vyangu vikaandika kuanzia 13 mpaka 18. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Ilikuwa na adabu, mashine ile, iliuliza mara mbili. Siku hiyo nilikuwa na hakika na kila kitu duniani. Nikabonyeza Oui, ndiyo.

Taa nyekundu ikawaka kwenye kadi. Nikaisubiri izime. Haikuzima.

Nilijaribu kumpigia fundi wa Kigali kumuuliza anaona nini. Simu ilikuwa kimya, hata mlio haikuwa nao. Nilijaribu ya pili, kimya. Nikang'ata waya wa hoteli kwa kombine yangu, kimya. Nikang'ata waya wa forodha, wa duka la dawa, wa daktari wa meno. Trei nzima ilikuwa imekufa. Nilibadilisha waya wa ukumbi. Nilizima na kuwasha. Nilichomoa kadi nikaipuliza vumbi, dawa ambayo haijawahi kuponya kitu na ambayo ninyi bado mnaitumia, nimewaona. Nilihesabu tena mashimo: sita, kumi na mbili, kumi na tatu mpaka kumi na nane. Trei ilikuwa sahihi! Nikaihesabu kutoka upande wa chini. Bado ilikuwa sahihi.

Saa tatu na nusu mlango ulizibwa na mabega.

"Taa ya mashine ya redio inakatala," alisema Bosco akihema. Alikuwa amekuja kwa moto kutoka ukumbini. "Iko nyekundu tu. Na simu ya padri imekufa. Dansila anauliza tukae ao turudi nyumbani."

"Mukae!"

"Anauliza pia kama unalia."

"Silie, iko hii feni!"

Nyuma yake akaingia Mama Vesti, amevaa mushanana, vazi lake refu la kanisani, na ile sweta ya juu begani. Hakusalimu. "Nilikuwa naongea na dada yangu Bukoba," alisema. "Simu imekufa katikati ya neno. Umefanya nini?"

Nikamwonyesha mashine. Hakuitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye trei.

"Umechukua mayai gani?"

"Mustari wa tatu, Mama. Yote."

"Taja vyumba."

"Kumi na tatu, kumi na ine, kumi na tano, kumi na—" Nikasimama hapo.

"Karani wangu umemlaza wapi?" aliuliza Mama Vesti.

"Karani gani?" alisema Bosco. "Nani amelala?"

Nilikuwa nimeiweka kwaya ndani ya chumba cha kumi na sita, juu ya karani. Hakuna aliyebaki wa kusema nani anapiga na nani amepokea, kwa hiyo simu zote za trei zilinyamaza. Na kwa kuwa Kigali walikuwa wamefungua vyumba vilivyo sahihi, mashine mbili za redio zilikuwa zinatafutana kama watu wawili waliopeana miadi kwenye hoteli mbili tofauti. Mstari wa tatu ndio pekee kwenye trei ambao karani anapita katikati yake bila kuonekana. Mistari mingine minne ningeweza kukosea kidogo na kuomba radhi. Huu ulikuwa unangoja mjinga mwenye haraka. Jumatatu yake Mama Vesti alichora mstari mwekundu kati ya shimo la kumi na tano na la kumi na sita, akaandika pembeni, kwa herufi za darasa la kwanza, HAPA YUPO MTU.

Lakini ile ilikuwa Jumapili, na saa ilikuwa tatu na dakika arobaini na saba.

"Mama, andika wewe," nikamwomba. "Mikono yangu siiamini tena."

"Mikono hiyohiyo ndiyo iliyofunga. Ifungue."

Akasimama nyuma yangu akisoma kama anayesomea watoto imla, nami nikaandika. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. "Ruka," alisema, nikaiacha kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nilimtazama Mama Vesti. Akatazama dari. Nikabonyeza.

Taa nyekundu ilizima. Halafu, yampaye inka, naapa kwa aliyenipa ng'ombe, mji ulirudi! Simu ya mezani ililia, ya ukutani ililia, ya chumba cha pili ililia, kombine yangu iliyokuwa bado imeng'ata waya wa hoteli ililia pale sakafuni kama panya. Kila mtu aliyekatwa alikuwa anapiga kuuliza kwa nini alikatwa. Nilianza kucheka na sikuweza kuacha. Mama Vesti alipokea moja, akasema, "Dada, nitakupigia," akaweka chini.

"We!" nikamwambia Bosco. "Unafanya nini hapa? Si uko bass?"

Alinitazama. Akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika sita.

"Mana yanjye," alisema, akimwita Mungu wake, na mlango ukapata mwanga tena. Kutoka dirishani nilimwona akiruka nyuma ya moto, moto ikazama, dereva akapiga kelele, "Mwee, muzee, matairi yangu!" na Bosco akijibu, "Songa tu! Songa!" Wakapotea kwenye kona ya soko, yeye akiwa tayari anajisafisha koo.

Mama Vesti alikuwa na redio ndogo kwenye droo. Tuliiweka juu ya meza na kukaa mbele yake kama wazazi shuleni. Mtangazaji wa Kigali alisema neno Gisenyi, na nikaweka kidole juu ya taa ya kadi, sijui nilidhani nitafanya nini. Kisha wakaanza. Waliimba nyimbo mbili fupi kwanza, wanawake peke yao. Zilikuwa safi, lakini Bosco alikuwa bado barabarani na mimi nilikuwa nakula kucha. Halafu Dansila akauanza ule wimbo uliokatazwa. Peke yake, mstari wa kwanza. Wanawake wakamfuata. Na wanaume.

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimeubeba ule mji kwa miaka mitatu, yai moja moja, halo, halo, unanisikia? Sikuwahi kusikia chini ya sauti ya mtu yeyote. Sasa ilikuwa inapita, imetoka ukumbini, imeingia chumba cha kumi na tatu na kutoka cha kumi na tisa, imepanda mnara, imefika Kigali, imerudi hewani kwenye redio ya droo, na meza ilikuwa inanguruma chini ya viganja vyetu. Bass! Ilikuja moja, ya pili, halafu katikati ya ubeti wa pili ikaingia nyingine, pana, ikihema, ikikimbiza wenzake, na Mama Vesti akasema, "Huyo kafika."

Tulifunga chumba tukaenda ukumbini kwa miguu, haraka, yeye ameinua mushanana mkononi. Tulikuta kwaya nzima imejaa ofisini kwa padri, imeizunguka simu, ikimngoja Mukecuru apige. Dansila alikuwa amekaa, mikono magotini, kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Bosco alikuwa amejisimamisha nyuma ya kabati, shati lote limelowa.

Simu ililia. Dansila aliinua mkono wa simu na kuugeuza nje, sote tukainamisha vichwa.

"Mama?"

Nilihesabu sekunde na biti zake.

"Dansila," ilisema sauti ya Mukecuru, nyembamba, kavu. "Nani huyu wa bass ameingia amechelewa?"

Dansila akageuka kutazama kabati.

"Ubeti wa pili! Bass yangu inaingia pamoja na wanawake, hapana nyuma yao! Na anahema. Anahema kama mbuzi. Bale wengine nimebasikia, ni bazuri, lakini huyu mumoja ameniharibia. Jumapili yenye kuya muuimbe kanisani tangu mwanzo, mumurudilishe, mupaka ajue. Ni mutoto wa nani?"

Kabati lilisukumwa, faili za padri zikaanguka, na Bosco akatoka mikono juu, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. "Ni mi!" alipiga kelele. "Ni mi, Mukecuru! Ni mi nimeharibu!" Akamkumbatia Dansila, akamkumbatia padri, akamnyanyua Mama Vesti na sweta yake mpaka miguu ikaning'inia. Halafu akatoka mbio barabarani, na sisi sote nyuma yake, na kila aliyepita alisimamishwa, muuza mandazi, polisi, yule dereva wa moto aliyekuwa bado anakagua matairi, akaambiwa na Bosco kwa sauti ile ambayo hakuna simu iliyowahi kuibeba:

"Amenisikia! Amenigombeza mi! Mi mwenyewe!"